Huzuni Isiyoondoka: Dalili Zake na Jinsi ya Kusaidiana

(Haya ni mazungumzo ya mwuguzi mmoja na wakimbizi, yaliyofanyika Bujumbura. Tumeyachapa kwa ajili yenu mlio kambini ambao hamkuweza kufika. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Asiyejua kusoma, msomee.)



Mmezoea kusikia mazungumzo juu ya malaria, kipindupindu, maji safi na chandarua. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao hauonekani katika darubini ya maabara. Hauleti homa wala upele. Lakini unaweza kumwondoa mtu shambani, sokoni, jikoni, na mara nyingine hata duniani. Nao upo katikati yetu.

Ugonjwa huu una majina mengi. Warundi husema akabonge. Wengine wetu tuliotoka Kivu husema tu: "Mawazo yamenizidi", au "Roho imechoka". Tanzania siku hizi wanauita sonona. Kwa Kishona, kule Zimbabwe, wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Kwa Kiganda wana maneno mawili, moja la mtu anayejichukia na jingine la mtu anayejihurumia mno. Kama kila kabila lina jina lake, basi si ugonjwa wa Wazungu, wala si ugonjwa wa watu dhaifu.

HUZUNI NA UGONJWA WA HUZUNI SI KITU KIMOJA

Sisi sote tuna sababu za kuhuzunika. Wako waliokimbia miaka ya 1990 na 2000, wakakaa Gasorwe, Musasa, Bwagiriza au Kavumu mpaka watoto waliozaliwa kambini wakazaa watoto wao. Wako waliovuka mto Rusizi mwaka 2025 na nguo walizovaa, wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi. Wako waliopoteza ndugu zao Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Mtu aliyeona hayo asipolia, ndipo tungeshangaa.

Kulia msiba si ugonjwa. Mtu mwenye huzuni ya kawaida hulia leo, kesho akacheka kidogo mtoto anapofanya utundu. Hula akibembelezwa. Akitembelewa, hupata nafuu. Siku zinavyopita, mzigo unapungua, hata kama hauishi.

Ugonjwa wa huzuni ni tofauti. Unakaa. Ukiona mtu ana dalili nitakazotaja karibu kila siku, kutwa nzima, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na tena ameshindwa kazi zake za kila siku, huyo haombolezi tu. Huyo ni mgonjwa, na anahitaji msaada kama mgonjwa wa malaria anavyouhitaji.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopita vitani, mtu mmoja hivi kati ya watano ana tatizo fulani la akili, dogo au kubwa. Hesabu nyumba tano katika mstari wenu. Si ajabu ikiwa nyumba moja ina mtu wa namna hiyo. Si ajabu ikiwa ni nyumba yako.

DALILI ZAKE

Mbili ndizo kubwa kuliko zote:

1. Huzuni au utupu moyoni usioondoka.
2. Kutopendezwa tena na mambo aliyoyapenda: kwaya, mpira, kusuka nywele, mazungumzo ya jioni, hata watoto wake.

Pamoja na hizo, angalia hizi:

3. Usingizi umeharibika. Anaamka saa tisa za usiku na halali tena, au analala mchana kutwa.
4. Hamu ya chakula imepotea, anakonda. Wengine hula kupita kiasi.
5. Uchovu usioisha, hata kama hakufanya kazi.
6. Anasahau, hawezi kufuata mazungumzo, hawezi kuamua jambo dogo.
7. Anajilaumu. "Ningaliondoka mapema, mtoto asingalikufa." "Mimi ni mzigo tu."
8. Mwendo na maneno yake yamekuwa mazito, au hatulii hata dakika moja.
9. Haoni mbele. Anatamani asiamke kesho.

Mtu hahitaji kuwa na dalili zote. Na wengi hawaji kwetu wakisema, "Nina huzuni." Wanakuja wakisema: kichwa kinawaka moto, mgongo unauma, tumbo limejaa, moyo unapigapiga. Wanapewa dawa ya maumivu, wanarudi baada ya siku tatu. Hawasemi uongo. Maumivu ni ya kweli, ila mzizi wake uko mahali pengine.

Jambo moja la kukumbuka: uchovu na kukosa hamu ya chakula vinaweza pia kuletwa na malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu au magonjwa mengine. Kwa hiyo pima kwanza. Usijiambie "ni mawazo tu" kabla ya kupimwa damu.

KILA MTU ANA NAMNA YAKE

Wanawake wengi hulia. Wanaume wengi hawalii, wanakunywa. Baba aliyekuwa na ng'ombe, duka au kazi ya ualimu huko Uvira au Fizi, leo anasimama katika foleni kungoja maharage. Hasemi kitu. Lakini kila jioni yuko kwenye pombe, na akirudi ni ugomvi. Si kila mlevi ni mgonjwa wa huzuni, lakini usishangae ukikuta huzuni chini ya chupa. Nayo pombe humfanya alale saa mbili, kisha humwamsha na huzuni mara dufu.

Mama aliyejifungua naye yuko katika hatari. Akikaa majuma mawili hataki kumshika mtoto, au anasema mtoto huyu angekuwa bora na mama mwingine, msimwite mama mbaya. Mpelekeni kituo cha afya pamoja na mtoto. Mama akiwa mgonjwa hivyo, mtoto naye hukonda, na tutamkuta katika mpango wa lishe bila kujua chanzo.

Watoto hawajui kusema. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyependa kucheza anakaa pembeni. Mwingine anakuwa mkali, anapiga wenzake, anafukuzwa shule. Kabla ya kumchapa, jiulize ameona nini.

Mzee anayesema "Mimi nimemaliza", akakataa chakula, msifikiri ni uzee tu.

KWA NINI WATU WANAUFICHA?

Kwa sababu ya aibu. Mtu anaogopa kuitwa kichaa. Anaogopa binti yake asiolewe. Anaogopa kuambiwa amerogwa, au kwamba imani yake ni ndogo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nisikilizeni vizuri. Kwenda kanisani au msikitini ni jambo jema. Sala imewashika wengi wetu usiku ule tuliotembea. Mchungaji, padre au shehe anayekutembelea anakusaidia kweli. Lakini yeyote anayekuambia utupe dawa, au anayemfunga mgonjwa kamba, kumpiga au kumnyima chakula ili "kitu kitoke", huyo anamwumiza. Mgonjwa wa huzuni amekwisha kujipiga mwenyewe vya kutosha.

TUFANYE NINI?

Kwanza, sema na mtu mmoja. Mtu mmoja tu unayemwamini. Na wewe uliyechaguliwa kusikiliza, sikiliza. Usikimbilie kusema, "Usilie, jikaze, wako walioteseka kuliko wewe." Maneno hayo hufunga mdomo. Sema: "Naona una uzito siku hizi. Niambie." Kisha nyamaza. Usimlazimishe kueleza yale mabaya aliyoyaona ikiwa hataki. Na unayoambiwa usiyapeleke kisimani.

Pili, panga siku. Ugonjwa huu hupenda mtu alale ndani ya hema au nyumba yake. Usingoje mpaka upate hamu ndipo uamke. Amka, hamu itafuata nyuma pole pole. Anza na kitu kidogo sana: kunawa uso na kufagia mlangoni. Kesho, nenda mpaka bombani. Kesho kutwa, msalimie jirani mmoja. Usijiwekee mzigo wa gunia zima wakati nguvu ni ya kikapu.

Tatu, linda usingizi. Lala na amka saa zile zile. Usilale mchana kutwa. Acha chai ya rangi nzito na kahawa jioni. Usinywe pombe ili ulale. Na jihadhari na vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja: vinazoesha mwili haraka, na haviponyi ugonjwa huu.

Nne, tumia mwili. Tembea, lima kibustani, cheza mpira, imba. Mawazo yakikushika na moyo ukapiga mbio, kaa chini, weka mkono tumboni, vuta pumzi taratibu mpaka mkono uinuke, kisha itoe taratibu zaidi. Fanya hivyo kwa dakika chache, mara mbili kwa siku, hata siku ambayo huna shida, ili mwili uzoee.

Tano, chambua matatizo kama unavyochambua maharage. Weka upande mmoja yale usiyoweza kuyabadili leo: vita, waliokufa, siku ya kurudi nyumbani. Upande mwingine weka yale unayoweza kuyagusa: kadi iliyopotea, shitingi inayovuja, ugomvi na shemeji. Chukua moja la upande wa pili. Fikiri njia zote, hata zile zinazoonekana za kipuuzi. Chagua moja, ifanye juma hili. Tatizo moja likiondoka, mzigo wote unapungua.

Sita, msiwe peke yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

HABARI KUTOKA UGANDA

Hapa nataka kuwapa habari ya kweli, ili msidhani mazungumzo ni porojo.

Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watu wengi walikuwa wamezika ndugu zao kwa sababu ya UKIMWI. Wengi walikuwa na ugonjwa huu tunaouzungumza. Hakukuwa na madaktari wa akili kule kijijini. Basi wenyeji wenyewe, wanaojua lugha ya watu wao, walifundishwa kwa majuma mawili kuongoza vikundi. Wanawake walikaa peke yao, wanaume peke yao, watu wachache katika kila kikundi. Walikutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Hawakupewa dawa wala fedha. Walizungumza na kushauriana.

Walitafuta mzizi wa huzuni ya kila mmoja. Je, ni kifo? Je, ni ugomvi nyumbani? Je, ni mabadiliko ya maisha, kama ugonjwa au kupoteza kazi? Mizizi hiyo mitatu, na wa nne ambao ni upweke, tunaijua vizuri hapa.

Mwisho wake, kati ya watu 100 waliokuwa katika vikundi, 6 au 7 tu ndio walioonekana bado wana ugonjwa. Katika vijiji vilivyokuwa havijapata vikundi, walikuwa 54 au 55 kati ya 100.

Na mjini Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari aitwaye Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mengi. Bibi na benchi. Je, sisi hatuna akina bibi? Hatuna mabenchi?

Watu sita wa mstari mmoja wanaweza kuanza. Muombeni mhamasishaji wa afya au mshauri wa kambi awaongoze. Chagueni siku na saa. Kanuni ziwe tatu: kinachosemwa hapa kinabaki hapa, hakuna kumcheka mtu, hakuna kuulizana kabila wala upande.

JUU YA DAWA

Ugonjwa ukiwa mkali, kituo cha afya kinaweza kutoa dawa. Zinazojulikana zaidi ni amitriptilini na fluoksetini. Yajueni haya:

– Hazifanyi kazi siku moja. Ngoja majuma manne hadi sita kabla ya kusema hazifai.
– Mwanzoni mdomo unaweza kukauka, au ukasikia usingizi au kichefuchefu. Mweleze mwuguzi, usiache kimya kimya.
– Ukipata nafuu, usiache. Kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi tisa au zaidi baada ya kupona, kisha hupunguzwa pole pole na mtaalamu.
– Usimpe jirani dawa yako. Usinywe pamoja na pombe.
– Amitriptilini ikinywewa nyingi kwa mara moja huua. Iweke mbali na watoto, na mbali na mtu anayetaka kufa. Ndugu mwingine aitunze.
– Mwenye mimba au anayenyonyesha aseme kabla ya kuandikiwa.

Kituo kikishindwa, mgonjwa atapewa karatasi ya rufaa. Hapa Bujumbura, katika mtaa wa Kamenge, kipo kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Watu wanakiogopa kwa jina, lakini wengi waliolazwa pale walirudi nyumbani na kazini. Pitia kwanza kituo cha afya cha kambi, uulize juu ya rufaa na ruhusa ya kutoka, usije ukasumbuka njiani.

ALAMA ZA HATARI

Sasa nasema jambo zito. Ugonjwa huu unaweza kumfanya mtu ajiue. Msidhani asemaye hawezi kufanya. Wengi waliofanya walikuwa wamesema.

Angalia mtu anayesema "Mtabaki salama bila mimi". Anayegawa vitu vyake, sufuria, nguo, kadi. Anayeaga bila safari. Au aliyekuwa na huzuni kubwa na ghafla akatulia bila sababu.

Ukiona hivyo, muulize wazi: "Je, unafikiri kujiua?" Swali hilo halimpi wazo jipya. Humpa mlango wa kutokea. Akikubali:

– Usimwache peke yake hata kidogo, hata usiku. Pokezaneni.
– Ondoeni kamba, visu, dawa za kuulia wadudu na vidonge.
– Msimlaumu wala kumtishia. Msibishane naye.
– Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Msingoje Jumatatu.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Baba mmoja aliuliza: "Mgao umepungua, nanyi mnaniambia nivute pumzi. Je, pumzi ni chakula?"

Baba, swali lako ni la haki. Pumzi si chakula, na dawa ya huzuni haijazi sufuria. Kukosa chakula ni jambo la kudai mbele ya wanaohusika, na tuendelee kulidai. Lakini nimeona hili: mtu mwenye ugonjwa huu hukosa hata kile kidogo kilicho chake. Haendi kwenye mgao. Haendi kuhakikiwa, jina lake linafutwa. Hafuati rufaa ya mtoto. Tunataka upone ili uwe na nguvu ya kudai.

Mama mmoja aliuliza: "Mimi nilipona, lakini kila mwaka mwezi ule unarudi na mimi naanguka tena. Je, nimelogwa?"

La, mama. Mwili una kalenda yake. Tarehe ya mauaji, ya kukimbia, ya kuzika, hurudisha maumivu hata kama hukuikumbuka. Ijue tarehe yako. Waambie wa nyumbani kwako mapema. Siku hiyo usikae peke yako. Fanya ukumbusho, omba, pika pamoja na wengine. Isipoondoka baada ya majuma mawili, rudi kwetu.

Kijana mmoja aliuliza: "Nikienda, watasema mimi ni kichaa."

Labda watasema. Nenda na rafiki. Sema kwenye meza ya mapokezi kwamba huna usingizi na mwili umechoka, inatosha. Mengine utamwambia mwuguzi ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Ndugu zangu, nimalize. Jioni ya leo, kabla ya kulala, mkumbuke mtu mmoja ambaye hamjamwona nje kwa siku nyingi. Mnamjua. Kesho asubuhi mgongee mlango. Usiende na mahubiri. Nenda na kikombe cha uji, kaa naye, umuulize amelalaje.